Nilivyorudi Nyumbani na Begi la Makuru

Kuna aibu ambazo mtu anaweza kuzimeza kimya kimya akazeeka nazo, lakini hii yangu ilishuhudiwa na kijiji kizima, katekista akiwemo, pamoja na mbuzi mmoja aliyenusurika, kwa hiyo sina pa kuificha na afadhali niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa mtaa wa Mwisenge, ambao wameitia chumvi mpaka siku hizi inasemekana nilifika na jeneza. Mimi nilifika na begi tu. Ila niseme kweli, kwa madhara niliyoyafanya, hata ningefika na jeneza tofauti isingekuwa kubwa sana.

Mnanijua hivi nilivyo, Nyangeta wa maziwa, nakaa Kamunyonge hapa Musoma mjini na kila asubuhi mnaniona na madumu yangu. Lakini kabla ya madumu nilikaa Kanada miaka kumi na mmoja, kwenye mji mmoja wa baridi unaoitwa Winnipeg, nikiogesha na kulisha wazee wa watu majumbani mwao. Mwaka wa nne nikamvuta mdogo wangu Makuru, kitinda mimba wetu. Siku ya kuondoka kwake Mama alimnunulia begi kubwa la bluu pale sokoni Musoma, akachana kipande cha kitenge chake mwenyewe cha njano akakifunga kwenye mkono wa begi ili kijana asichanganye na mabegi ya wenzake, halafu akanipigia simu akaniambia neno moja tu, kwamba siku nikirudi nirudi naye. Nikamwitikia. Kuitikia ni rahisi sana wakati safari yenyewe bado iko mbali.

Sasa, kuondoka kwenye nchi ya watu si jambo la kucheza kama mnavyodhani. Mimi nilidhani nitaondoka nacheza. Miaka yote hiyo nilikuwa nalalamika (waulizeni wote niliokuwa nawapigia simu), nalaani baridi inayogandisha hadi kope, nalaani mabasi ambayo watu wanakaa bega kwa bega na hakuna anayesema hata shikamoo, nalaani mkate wao usiokuwa na utamu. Lakini wiki ya mwisho nikajikuta natembea taratibu kwenye theluji, mimi niliyekuwa nakimbiaga kuingia ndani, naangalia kituo changu cha basi kama mtu anayeangalia shamba la urithi linalouzwa. Kuna bibi mmoja nilimwogesha miaka sita. Nilipomwambia kwamba Jumatatu sitakuja tena, aliniuliza atakayekuja anaitwa nani, nikamtajia, akasema sawa, akaniomba nimwongezee sauti ya redio. Hakuwa na ubaya wowote, ndivyo alivyokuwa. Nikaongeza sauti, nikatoka, nikasimama kwenye ngazi zake nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu.

Nchi haikuagi, jamani. Unaiaga wewe, yenyewe inaendelea kuangusha theluji yake. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba kuna mwanamke niliyekuwa mimi huko, aliyejua basi la saa kumi na moja alfajiri linapita mtaa gani, aliyejua kuendesha gari juu ya barafu, huyo mwanamke namwacha hukohuko, na kule kijijini kwetu Butiama hakuna hata mtu mmoja anayemfahamu wa kunipa pole kwa ajili yake. Nilikuwa na msiba usiokuwa na waombolezaji. (Kumbe Mungu alinisikia, akaniletea waombolezaji wa kutosha.)

Wiki tatu kabla ya safari, Makuru aliniambia huku anakaanga mayai, bila hata kugeuka, kwamba yeye harudi. Nikafikiri anasema mwaka huu. Akasema hapana, ameshachukua uraia wa kule, ameapa, karatasi zimetoka, na kama mnavyojua sheria yetu, ukishachukua wa wenzetu, wa kwetu umeuacha. Akaniomba mimi ndiye nimweleze Mama kwa sababu eti mimi ndiye ninayejua kuongea naye. Nikamwitikia na yeye. Mnaona tabia yangu ilivyo.

Basi hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioleta yote haya. Kila nikishika simu nimwambie Mama kwamba nakuja, naona swali lake la pili litakuwa ni Makuru, na swali hilo sikuwa na kifua cha kulijibu kwenye simu. Nikaamua nisimwambie kabisa kwamba nakuja. Nikajidanganya kwamba nataka kumstukiza, kama wanavyofanya watu wa kule, anafika mtu bila taarifa, watu wanapiga makofi, wanalia kwa furaha, na katikati ya furaha hiyo mimi nitalipenyeza lile neno baya na litapita bila kuonekana. Siku mbili kabla ya kupanda ndege gurudumu la begi langu likavunjika. Makuru akanipa lile la bluu, akasema yeye hana kazi nalo tena. Nikapakia.

Nikafika Mwanza, nikalala, asubuhi nikapanda basi la Musoma. Lakini kadiri tulivyokuwa tunakaribia kwetu ndivyo nilivyoona siwezi kumkabili Mama peke yangu, nikashuka Bunda kumtafuta baba mdogo Wambura, mdogo wake marehemu baba, ambaye ana duka la dawa za mifugo pale mjini. Nilitaka anisindikize, akae katikati yangu na Mama wakati nitakapokuwa nasema. Nilikuwa nimevaa suruali nyeusi, sweta nyeusi, na kilemba cheusi kichwani (nguo za safari, hazionyeshi uchafu), macho mekundu kwa kukosa usingizi siku tatu, na begi la bluu mkononi.

Baba mdogo aliponiona alisimama. Tukasalimiana, akanipa kiti, akanitazama, akatazama begi, akatazama kile kipande cha kitenge, kisha akaniuliza taratibu sana, na mdogo wako je. Jamani, nilikuwa nimesafiri nusu ya dunia nikilikimbia swali hilo, na limenisubiri Bunda dukani kwenye harufu ya dawa za kuogeshea ng'ombe. Nikaangua kilio. Nililia mambo yote kwa pamoja, Makuru, na yule bibi na redio yake, na kituo changu cha basi. Nilipopata sauti nikamwambia, "Baba, hilo nitalisema mbele ya Mama. Naomba usimpigie simu. Nisindikize tu."

Sasa nyinyi mliozaliwa huku mmeshaelewa nilichokifanya, na mimi niliyezaliwa huku sikuelewa, ndiyo maana nasema miaka kumi na mmoja ni mingi. Kwetu mama haambiwi kifo cha mwanawe kwa simu. Anayebeba habari anafika bila taarifa, anapitia kwanza kwa mwanamume wa ukoo, habari yenyewe haitamkwi njiani wala haiulizwi, wanakwenda wawili, na majirani wanatangulizwa wakae karibu na mama huyo kwa kisingizio chochote ili habari isimkute peke yake. Mimi nilifuata hatua zote hizo bila kuruka hata moja. Hata mtu aliyefundishwa asingeweza kunipita.

Baba mdogo hakuniuliza tena neno. Alifunga duka (mchana kweupe, na wateja wapo), akaenda nyuma akakaa na simu muda mrefu, akarudi amevaa koti. Tukachukua teksi. Njiani akasimamisha gari akanunua sukari na majani ya chai mengi, nikafikiri ni zawadi kwa Mama, nikamwona ni mtu mwenye upendo. Kisha akanishika mkono na hakuuachia mpaka tunafika, na mara moja tu akasema kwamba nimejikaza, nimejikaza sana. Nikaona huyu mzee ana hekima ya ajabu, amejua bila kuambiwa kwamba kuacha nchi ni kazi. Nilimshukuru kwa moyo wote.

Tulipokaribia nyumbani ilikuwa kama saa saba mchana. Nikaona watu wamejaa uani, wanaume wamekaa upande mmoja kwenye viti, wanawake upande wa jikoni, na mzee Magoti, jirani yetu wa tangu tukiwa watoto, anaburuta gogo kubwa kuelekea katikati ya uwanja. Nikacheka. Nikamwambia baba mdogo kwamba kumbe ameshindwa kutunza siri, amewaita waje kunipokea. Alinitazama kwa huruma ambayo sijawahi kutazamwa nayo maishani.

Mimi nikatoa simu nirekodi. Gari liliposimama nikafungua mlango, nikashuka ninacheza, mikono juu, nikapiga kigelegele kirefu, kile cha harusi, nikakizungusha mara mbili.

Hakuna aliyeitikia. Mnajua kigelegele kisipoitikiwa kinavyokuwa? Nikaona watu wameshika vinywa. Nikaona Mama anatoka mlangoni amezungukwa na wanawake ambao kila mmoja alikuwa amekuja mchana ule kuazima kitu ambacho hakukihitaji, na macho yake hayakuja kwangu, yalikwenda nyuma yangu ambako dereva alikuwa anashusha begi la bluu. Akakiona kitenge chake. Akasema "Makuru" mara moja tu, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayemwita aje kula, halafu akaanguka.

Hapo uwanja ukalipuka. Vilio, wanawake wanajifunga kanga viunoni, mzee Magoti akawasha gogo lake la moto wa matanga, katekista akafungua rozari. Mimi nikapiga kelele kwamba Makuru mzima, hakuna aliyekufa, na ndipo nilipogundua kwamba hakuna sentensi ngumu kuaminiwa duniani kama hiyo ikisemwa na mtu mwenye kilemba cheusi aliyetoka kucheza muda si mrefu. Mama Bhoke, jirani yetu mwenye mikono kama ya mchimba visima, alinikamata kwa nyuma akanikalisha kwenye mkeka akanimwagia maji kichwani.

"Pole, mwanangu," akaniambia. "Ndivyo inavyoanzaga. Hata mimi mume wangu alipofariki nilikuwaga nampikia."

Nikasema nitampigia Makuru simu mumsikie. Wakasogea waone. Haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Na hapo nikakumbuka kwamba kwetu ni saa saba mchana lakini kule ni saa kumi ya alfajiri, na Makuru anafanya kazi usiku kwenye ghala la mizigo ambako simu zote zinafungiwa kabatini hadi zamu iishe, na zamu inaisha saa moja asubuhi yao, ambayo ni saa kumi jioni yetu. Nikawaeleza hayo yote, ghala, kabati, saa za dunia. Mama Bhoke akaniongezea maji.

Nadhani zilipita kama saa mbili. Unga ulikuwa unafika kwa vikapu, kuni zinafika, turubai limeshafungwa uani, ndugu wa Musoma wanapiga simu kwamba wameshapanda gari, mbuzi ameshafungwa kwenye mti. Wanaume walikuwa wanajadili mwili utapita Mwanza au Kilimanjaro. Mzee mmoja akasimama akaeleza jinsi Makuru alivyokuwa mtoto mtiifu (uongo mtupu, huyo mzee alimfukuza Makuru kwenye mapapai yake miaka yote), watu wakaitikia kwa kichwa. Na mimi niko kwenye mkeka, nimelowa, nimeshikwa mikono miwili, nasikiliza wasifu wa mtu ambaye muda huo anapanga maboksi.

Lakini katika yote hayo kilichokuwa kinanichoma ni Mama. Alikuwa amekalishwa ukutani, kilemba kimemtoka, nywele zake nilizoziacha nyeusi zimekuwa nyeupe zote, na hakuwa analia tena, alikuwa anatetemeka tu midomo. Nikaona huyu atanifia hapa kabla ya saa kumi. Nikajichomoa, nikatambaa mpaka kwake, wanawake wananivuta na mimi natambaa, nikamshika miguu.

"Mama, mzima. Naapa."

"Kama mzima," akasema, "kwa nini umekuja kama mwizi? Kwa nini hukuniambia?"

Watu wakageuka kunitazama. Hata katekista. Na hapo nikaona kwamba hakuna njia nyingine, kwamba kila uongo nilionao umekwisha kazi, na lile neno nililotaka kulipenyeza katikati ya makofi itabidi niliseme katikati ya msiba, mbele ya ukoo na majirani wote.

"Kwa sababu nilikuja bila yeye," nikasema. "Harudi, Mama. Amechukua uraia wa kule, amekula kiapo. Kaniambia nikwambie, nikaogopa. Ndiyo maana sikupiga simu."

Mambo kama hayo kwetu husemwa chumbani, mlango umefungwa. Nikamwona baba mdogo anainamisha kichwa kwa aibu ya nyumba yetu. Mama alinitazama muda mrefu sana usoni, kama alivyokuwa ananitazama nikiwa mdogo nimevunja kitu, halafu midomo ikaacha kutetemeka. Akaomba kilemba chake.

"Basi huyo mzima," akawaambia watu. "Hakuna mtu anayetungiaga maiti maneno kama hayo."

Wengine wakaamini, wengine hawakuamini, lakini hakuna aliyeondoka. Mzee Magoti alisema gogo likishawashwa haliachwi, tutangoja hiyo saa kumi. Tukangoja. Chai ya baba mdogo ikapikwa ikanywewa. Na saa kumi na dakika kadhaa simu yangu ikalia, ya picha, na Makuru akatokea amevaa kofia ya kazini, nyuma yake theluji na gari za watu, anauliza kuna nini mbona nimempigia mara zote zile.

Sitasahau sauti iliyotoka pale uwanjani. Wengine walicheka, wengine wakalia kuliko mwanzo, Mama Bhoke aliniachia mikono kwa mara ya kwanza. Makuru akawa anauliza wale ni watu gani, na lile turubai ni la nini. Mama akachukua simu. Nilidhani atamgombeza, nilidhani atambusu kioo.

"Makuru," akasema, "hawa watu wamekuja kukulilia. Wasalimie."

Ikabidi awasalimie. Simu ikazungushwa kutoka mkono hadi mkono, shikamoo babu, shikamoo shangazi, asante kwa kuja, na watu wanamtazama kama walioona mzimu, na wanamwambia amenona. Yule mzee wa mapapai alimkumbusha mapapai. Mzee Magoti alimwonyesha gogo. Nikamwona mdogo wangu kwenye kioo anapitishwa mbele ya kila mtu aliyeacha shamba, aliyeacha ng'ombe malishoni, aliyekopa unga kwa jirani, wote kwa ajili yake, na kofia akaivua bila kuambiwa, na kufikia mtu wa kumi alikuwa hawezi tena kuongea, anaitikia kwa kichwa tu huku anajifuta na mkono wa koti.

Simu iliporudi kwa Mama, alimwacha amalize kulia. Kisha akamwambia maneno ambayo uwanja mzima uliyasikia, kwa sababu nilikuwa nimesahau kupunguza sauti.

"Umewaona. Hawa hawa siku moja watakuja tena hapa, na hiyo siku haitakuwa ya kukosea. Itakuwa yangu. Mimi sikuulizi karatasi zako. Ila siku hiyo asiwepo mtu wa kukuzungusha kwenye simu."

Makuru alisema amesikia. Hakuahidi kitu, na Mama hakumdai ahadi, alimtakia tu usiku mwema ingawa kule ndiyo kwanza kunakucha. Mbuzi akafunguliwa. Unga ukapikwa ugali, watu wakala, maana msiba wa uongo unaleta njaa ile ile ya msiba wa kweli.

Baba mdogo hajanisamehe duka lake alilolifunga, na pale Mwisenge kuna mama mmoja bado ananipa pole kila akinunua maziwa, nimechoka kumweleza. Lakini nchi nimeimaliza kuililia, nadhani niliililia yote siku ile kwenye mkeka, pamoja na wenzangu ambao hawakujua wananisaidia kulia nini. Na nimeweka nadhiri. Sitafika kwa mtu bila taarifa tena, hata iwe nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nikimpigia Mama simu, kila Jumapili baada ya misa, sianzi na salamu, naanza na kwamba wote wazima, halafu lile baya linafuata palepale kabla woga haujaamka. Yeye ananisikiliza mpaka mwisho, kisha ananiuliza kama Makuru amesema lolote la kuja. Nikimwambia bado, ananiambia haya, leta na salamu sasa.